Mlio Anaousikia Mtu Mmoja: Picha za Ubongo na Neno la Mgonjwa

Mlio wa masikioni ni maradhi yasiyo na shahidi wa pili. Mgonjwa husikia filimbi, mvumo au sauti ya nyenje usiku na mchana, wakati aliyelala kando yake hasikii chochote. Uchambuzi mkubwa wa tafiti za nchi nyingi, uliochapishwa mwaka 2022, ulikadiria kwamba mtu mzima mmoja kati ya saba hivi amewahi kuwa na hali hiyo, yaani zaidi ya watu milioni 740 duniani, na kwamba kwa zaidi ya milioni 120 kati yao ni tatizo kubwa. Wengi wa kundi la kwanza huizoea wakaendelea na shughuli zao. Kundi la pili ndilo linalokosa usingizi, linaloshindwa kusoma ukurasa mmoja hadi mwisho, na wamo waliofikia kukata tamaa ya kuishi. Tangu miaka ya 1990 watafiti wamekuwa wakiuchunguza ubongo wa watu hawa kwa mashine za kila aina, wakitumaini kupata hatimaye yule shahidi wa pili. Ukiifuatilia historia ya kazi hiyo kwa makini utaona jambo ambalo wengi hawakulitarajia: picha za ubongo zilitoa ukweli pale zilipoongozwa na maelezo ya mgonjwa, na ziliyumba kila zilipojaribu kuyaruka.

Kabla ya mashine, waganga walijua kwamba kuna milio ya namna mbili. Mfaransa Jean Marie Gaspard Itard, katika kitabu chake cha mwaka 1821 kuhusu magonjwa ya sikio, alitenganisha milio inayotokana na sauti halisi mwilini, kama damu inayopita kwa kishindo mshipani, na ile isiyo na sauti yoyote nyuma yake. Itard hakuidharau hiyo ya pili. Aliona jinsi inavyowatesa watu, akashauri ifunikwe kwa sauti nyingine, kama ya kinu cha maji au ya kuni mbichi zinazolia motoni. Katika miaka ya 1940 Edmund Prince Fowler wa Marekani alilikabili fumbo hilo kwa vipimo. Aliwataka wagonjwa waulinganishe mlio wao na sauti ya kifaa, na mara nyingi sauti iliyolingana nao ilikuwa ndogo mno, desibeli chache tu juu ya kiwango cha chini kabisa ambacho mgonjwa angeweza kusikia. Mtu aliyesema anasikia kishindo kisichovumilika alikuwa, kwa kipimo cha kifaa, anasikia mnong'ono. Daktari mwenye haraka angeweza kuhitimisha kwamba mgonjwa anatia chumvi. Mwenye subira angejiuliza kama ukubwa wa sauti na ukubwa wa mateso ni kitu kimoja. Swali hilo ndilo lililokuja kuamua thamani ya picha za ubongo nusu karne baadaye.

Kwa muda mrefu lawama zote zilibebeshwa sikio, na hilo halikukosa sababu. Anayeishi katika nchi za malaria ana ushahidi wa karibu: kwinini, dawa iliyotibu homa hiyo kwa vizazi, ikizidi mwilini hufanya masikio yalie na usikivu kupungua. Aspirini kwa dozi kubwa hufanya vivyo hivyo. Kelele za viwandani na milipuko ya vita huharibu vinyweleo vya sikio la ndani, na mlio hufuata. Ikiwa chanzo kiko sikioni, basi kukata neva inayotoka sikioni kwenda kwenye ubongo kungepaswa kuunyamazisha mlio. Jambo hilo lilipata kuonekana bila kukusudiwa, kwa wagonjwa waliokatwa neva hiyo walipokuwa wakiondolewa uvimbe. Mwaka 1981 William House na Derald Brackmann wa Los Angeles walitoa taarifa ya wagonjwa wa namna hiyo. Takriban 40 katika kila 100 walisema wamepata nafuu. Kwa waliobaki, mlio uliendelea au ukazidi, ingawa sikio lile lilikuwa limekufa kabisa na halikuwa tena na njia ya kupeleka habari yoyote. Tokeo hilo lilionyesha kwamba mlio unaweza kuanzia sikioni kisha ukahamia mahali pengine, na mahali hapo hapawezi kuwa pengine ila ubongoni. Na lilipatikana kwa njia moja tu: waliofanyiwa upasuaji waliulizwa, na majibu yao yakaandikwa.

Mashine ya kwanza ya CT, inayopiga picha ya umbo la ubongo, kutumika kwa mgonjwa ilifanya kazi London mwaka 1971, na baadaye ikaja MRI. Hizi ziliwasaidia kweli baadhi ya wenye mlio. Mlio wa sikio moja tu unaweza kuwa dalili ya uvimbe kwenye neva ya kusikia, na ule unaodunda sambamba na mapigo ya moyo unaweza kutokana na hitilafu ya mshipa wa damu. Yote mawili huonekana pichani, na mengine hutibika. Lakini kwa wagonjwa walio wengi picha ilirudi safi, na usafi huo ukageuka mzigo mpya. Aliyekuwa akishukiwa kutia chumvi sasa alikuwa na karatasi ya hospitali inayosema kichwani mwake hakuna tatizo. Ilihitajika mashine inayoonyesha kazi ya ubongo, kwa kuwa umbo lake halikusema kitu. PET, inayofuatilia damu au sukari iliyotiwa mionzi hafifu, ilileta uwezo huo. Nadharia nayo ilikuwa tayari: mwaka 1990 Pawel Jastreboff alipendekeza kwamba mlio ni hisia ya sauti inayozalishwa na njia za usikivu zenyewe, na kwamba mateso huja pale sehemu za ubongo zinazohusika na hofu na uangalifu zinapouchukua mlio huo kama ishara ya hatari. Mwaka 1996 Wolfgang Arnold na wenzake nchini Ujerumani waliripoti kwamba kwa wagonjwa wao wachache gamba la usikivu, yaani eneo la ubongo linalopokea sauti, hasa la upande wa kushoto, lilikuwa likitumia sukari kupita kawaida.

Hatua iliyoshawishi zaidi ilifuata mwaka 1998 kutoka Buffalo, jimbo la New York. Alan Lockwood, Richard Salvi na wenzao walikuwa na wagonjwa 4 tu, lakini wenye sifa adimu: waliweza kuupandisha au kuushusha mlio wao kwa kukaza taya. Mgonjwa aliambiwa akaze, akaeleza mlio umebadilika vipi, na mashine ikapima damu ilikokwenda. Kulikuwa pia na watu 6 wasio na mlio ambao nao walikaza taya, ili athari ya misuli isichanganywe na athari ya sauti. Mlio ulipobadilika, damu nayo ilibadilika katika eneo la usikivu la upande mmoja wa ubongo, ule ulio mkabala na sikio linalolia. Sauti ya kawaida inayoingia katika sikio moja huziamsha pande zote mbili za ubongo. Kwa hiyo mlio huu haukuwa ukisafiri njia ya sauti za kawaida, na watafiti wakahitimisha kwamba chanzo chake hakikuwa tena sikioni. Zaidi ya hayo, sauti walizopigiwa wagonjwa hao ziliamsha eneo pana kuliko kawaida, likiwemo la hipokampasi, linalohusika na kumbukumbu na hisia. Utafiti huo ulikuwa na nguvu ingawa waliopimwa walikuwa wachache, kwa sababu kila picha ilifungamana na kauli ya mtu kuhusu alichokuwa akikisikia dakika ileile.

Mwaka huohuo kundi la Ujerumani la Werner Mühlnickel, Thomas Elbert na Herta Flor, pamoja na Mmarekani Edward Taub, lilitoa dai lililosikika mbali. Gamba la usikivu limepangwa kwa ramani, sauti nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine. Kwa kupima sumaku hafifu inayotokana na kazi ya ubongo, waliona kwamba kwa wenye mlio sehemu ya ramani inayohusika na sauti inayofanana na mlio ilikuwa imehama kutoka mahali pake, na kwamba kadiri ilivyohama ndivyo mgonjwa alivyosema mlio wake una nguvu. Baadhi yao walikuwa wamewahi kuona jambo linalofanana kwa watu waliokatwa mkono na kubaki wakihisi maumivu katika mkono usiokuwepo. Fikra kwamba mlio ni kama maumivu ya aina hiyo, ila kwa upande wa usikivu, iliingia vitabuni na kuzaa majaribio ya tiba. Lakini mwaka 2012 Dave Langers na wenzake wa Groningen, Uholanzi, waliipima ramani hiyo kwa MRI ya kisasa zaidi kwa watu wenye mlio ambao usikivu wao ulikuwa karibu na wa kawaida, nao hawakukuta kuhama kokote kwa maana. Kuhama kwa ramani, basi, si sharti la mlio, na huenda kulitokana zaidi na upungufu wa usikivu unaoandamana nao. Dai la 1998 halikuanguka kwa kuwa watafiti wake walikuwa wazembe. Lilionyesha ugumu wa kutenganisha mambo mawili yanayoishi katika mtu mmoja.

MRI ya utendaji, iliyoenea miaka ya 1990, ilirahisisha kazi kwa kuwa haihitaji mionzi, ila ilikuja na taabu yake: mashine hiyo hupiga kelele zinazoweza kupita desibeli 100. Kumchunguza mtu anayeteswa na sauti ndani ya mashine yenye sauti kama hiyo ni jambo linalohitaji uangalifu mkubwa. Watafiti walijifunza kupiga picha kwa vipindi, wakiiachia mashine inyamaze kati ya picha na picha, lakini hata hilo halikutosha. Mwaka 2000 Jennifer Melcher na wenzake wa Boston waliripoti kwamba kwa wenye mlio wa upande mmoja, kituo cha usikivu katika ubongo wa kati kiliitikia sauti kwa namna isiyolingana kati ya kushoto na kulia. Mwaka 2009 walilirudia jambo hilo wenyewe, wakagundua kwamba kutolingana kule kulitegemea mngurumo wa pampu ya kupoza mashine. Ni mfano bora wa uaminifu wa kisayansi, na funzo lake lilikuwa bado halijakamilika. Mwaka 2010 kundi hilohilo lilipima jambo lililokuwa likisahaulika: jinsi washiriki wenyewe walivyovumilia sauti. Walipowagawa kwa kigezo hicho, ilionekana kwamba msisimko uliozidi katika ubongo wa kati na thalamasi, kituo kinachopitisha habari za hisi kwenda gambani, ulifuata kutovumilia sauti, wawe na mlio au wasiwe nao. Ule uliohusiana na mlio wenyewe ulionekana katika gamba la usikivu. Jambo moja lililotoka kwa washiriki wenyewe lilipanga upya matokeo ya miaka kumi ya picha.

Historia ya vipimo vya umbo la ubongo inaeleza jambo hilohilo kutoka upande wa kushindwa. Mwaka 2006 Mark Mühlau na wenzake wa Munich walilinganisha watu 28 wenye mlio na 28 wasio nao, wakaona upungufu wa tishu katika eneo la ndani chini ya paji la uso, linalohusika na hisia, na ongezeko katika thalamasi. Kutokana na hapo Josef Rauschecker na wenzake walipendekeza mwaka 2010 kwamba eneo hilo la mbele huzuia mlio usifike kwenye fahamu, na kwamba likidhoofika mlio hupenya. Ni nadharia nzuri, kwa kuwa inajaribu kueleza kwa nini watu wawili wenye masikio yaliyoharibika sawa hawateseki sawa. Lakini mwaka 2009 Michael Landgrebe na wenzake wa Regensburg, wakitumia idadi ileile ya watu, hawakuyaona hayo, wakaona upungufu mahali pengine kabisa. Mwaka 2013 Melcher alionyesha kwamba mabadiliko ya eneo la mbele yalifuatana na upotevu wa usikivu wa sauti nyembamba sana, zile ambazo kipimo cha kawaida cha masikio hakizigusi. Tatizo la tafiti nyingi za wakati huo lilikuwa katika namna ya kupanga makundi: mwenye mlio upande mmoja, asiye na mlio upande wa pili. Aliyeuzoea mlio wake kwa miaka 20 na aliyeshindwa kulala tangu mwezi jana waliingizwa katika wastani mmoja. Madodoso ya kuwatenganisha yalikuwepo, likiwemo lile la mwaka 1996 lenye maswali 25 linalopima jinsi mlio unavyomvurugia mtu maisha. Tena walio taabani ndio ambao huwawia vigumu zaidi kuvumilia saa nzima ndani ya mashine yenye kelele. Kwa hiyo mlio mkali, uliotajwa kama sababu ya kufanya kazi yote hii, mara nyingi ndio uliowakilishwa kwa uchache.

Utafiti unaoonyesha jinsi kazi hii inavyoweza kufanywa vizuri ulichapishwa mwaka 2015 na William Sedley, Phillip Gander na wenzao wa Newcastle na Iowa. Walikuwa na mtu mmoja tu, mgonjwa wa kifafa aliyewekewa elektrodi juu ya ubongo kwa ajili ya upasuaji, ambaye pia alikuwa na mlio wa masikioni. Walimsikilizisha kelele fupi ambazo zikikoma humpunguzia mlio kwa sekunde chache, na kila mara wakamuuliza mlio uko kiasi gani. Mara nyingine ulipungua, mara nyingine haukupungua, ingawa kelele zilikuwa zilezile. Kwa kulinganisha nyakati hizo mbili, waliona mawimbi ya ubongo yakibadilika karibu katika gamba lote la usikivu na kuvuka mipaka yake hadi maeneo ya kumbukumbu, uangalifu na hisia, kwa upana ambao sauti halisi inayofanana na mlio huo haikuufikia. Hapo ndoto ya kuupata mlio mahali pamoja ilipata pigo kubwa, kwa kuwa ubongo mwingi ulikuwa unashiriki. Na kitu pekee kilichotenganisha wimbi moja na jingine katika kazi ile kilikuwa jibu la mgonjwa.

Hapa mtu anaweza kupinga kwa hoja nzito. Neno la mgonjwa halitegemeki, atasema. Hubadilika kwa hali ya moyo, huathiriwa na tamaa ya fidia, na mlio wa masikioni ndio unaoongoza katika madai ya ulemavu ya wanajeshi wastaafu wa Marekani. Ndiyo maana tunahitaji kipimo kisichomtegemea, na kipimo hicho sasa kimeanza kupatikana. Mwaka 2020 Mehrnaz Shoushtarian na wenzake wa Melbourne walitumia mwanga wa infraredi kupima damu katika ubongo wa watu 25 wenye mlio na 21 wasio nao, na programu yao ikaweza kuwatambua kwa usahihi wa asilimia 78 hivi, na kutenganisha mlio hafifu na ule mkali kwa asilimia 87 hivi. Mwaka 2025 kundi la Daniel Polley huko Boston lilionyesha kwamba kutanuka kwa mboni na mitikisiko midogo ya uso mtu anaposikia sauti hufuatana na ukali wa mateso yake. Mafanikio haya ni ya kweli na yanastahili heshima. Ila tuangalie jinsi yalivyopatikana. Programu ilijua nani ana mlio mkali kwa sababu watu walijaza dodoso, na mitikisiko ya uso ilipata maana ilipowekwa kando ya alama za dodoso. Kipimo kilichofunzwa kwa maneno ya wagonjwa hakiwezi kuwa hakimu wa juu yao. Kikitofautiana na mgonjwa, hakuna rejea ya tatu ya kuamua nani amekosea. Kinachoweza kufanya, na ni jambo kubwa, ni kumsaidia mtafiti kuona kama dawa inagusa mwili hata pale matumaini ya mgonjwa yanapoyapamba majibu yake.

Pingamizi la pili ni la gharama. Miaka 30 ya mashine za thamani kubwa imemletea nini mgonjwa? Baada ya PET kuonyesha msisimko katika eneo la usikivu, madaktari wa Ujerumani walianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulituliza eneo hilo kwa sumaku kutoka nje ya fuvu, na matokeo ya awali yalitia moyo. Jaribio kubwa la hospitali kadhaa lililochapishwa mwaka 2017 halikuona tofauti kati ya sumaku ya kweli na ya kuigiza. Tiba yenye ushahidi imara zaidi wa kupunguza mateso imebaki ile ya mazungumzo, inayomfundisha mgonjwa kubadili namna anavyouchukua mlio, nayo haihitaji picha yoyote. Hoja hii ni ya kweli kwa sehemu yake. Lakini jaribio la sumaku lilijengwa juu ya dhana kwamba kila mgonjwa ana doa lilelile la kutulizwa, na ni picha bora zaidi zilizokuja kuivunja dhana hiyo. Aidha, picha ndizo zilizoonyesha kwamba njia za sauti na njia za mateso zinakutana bila kuwa kitu kimoja, na kwa kufanya hivyo zikatueleza kwa nini tiba ya mazungumzo inaweza kumpa mtu usingizi bila kuondoa mlio hata kidogo. Kabla ya hapo tiba hiyo ilionekana kama faraja kwa walioshindikana. Sasa tunajua inafanya kazi mahali penyewe ambapo ukali wa ugonjwa unazaliwa.

Kwa nchi zetu za Afrika Mashariki, ambako mashine za MRI ni chache na zimejaa mijini, somo la historia hii lina manufaa ya moja kwa moja. Kuna wagonjwa ambao hawapaswi kukosa rufaa ya picha: wenye mlio wa sikio moja, wenye mlio unaodunda na moyo, na wenye mlio uliokuja pamoja na uziwi wa ghafla, hawa wa mwisho wakipelekwa haraka bila kungoja. Kwa wengine wote, tabibu wa zahanati aliyeshika kalamu na karatasi ana chombo ambacho kila maabara kubwa imelazimika kukitegemea. Anaweza kuuliza mlio ulianza lini, baada ya dawa gani au kelele gani, kama sauti za kawaida zinaumiza, kama usingizi unapatikana, kama mgonjwa amewahi kutamani kufa. Majibu hayo ndiyo yanayomtofautisha mwenye mlio na mwenye mlio mkali, na hakuna picha iliyowahi kuyatoa bila kuyapata kwanza kutoka kwake. Anayemwambia mgonjwa kwamba hana kitu kwa kuwa picha yake ni safi anaipa mashine mamlaka ambayo watafiti wake wenyewe hawakuidai. Kumsikiliza na kumwamini, kisha kutumia mashine kuyafuatilia aliyoyasema, ndio utaratibu ambao ushahidi wa miaka hii 30 unauunga mkono.